Maudhi Madogo Madogo

Hapa Kivinje kila mtu ana jina alilopewa nyuma ya mgongo wake, na mkwe wangu Maftaha wamempa lake: Mjane wa Vitabu. Wanadhani wamemtukana. Mimi nikilisikia naitika mwenyewe, naam, mnamtakia nini? Mkitaka habari zake njooni kwangu niwape kamili, msiziokoteze bombani zikiwa zimeshatiwa chumvi.

Mimi ni Batuli binti Likwata. Kwetu ni Mitole, kwenye ufuta na mikorosho, nikaolewa huku pwani nikazeekea hapa. Marehemu Mudathiri, mume wa Maftaha, ni mwanangu, kifungua mimba wangu. Nalisema hili mapema ili tuelewane. Aliyekufa ni wangu. Kama kuna mtu mwenye haki ya kumnunia Maftaha kwa aliyoyafanya ndani ya eda, ni mimi, na mimi sijamnunia hata siku moja.

Yeye ni mtu wa Sudi, kule chini ukishaipita Lindi. Baba yake mvuvi, mama yake anakaanga samaki sokoni. Mwanangu alikuwa dereva wa fuso, anabeba ufuta na korosho kutoka vijijini, na safari moja alishuka Sudi kutafuta chakula, akamkuta huyo binti nyuma ya karai la mafuta, mkono mmoja unageuza changu, mwingine umeshika kitabu. Akarudi ananiambia, "Mama, nimeona msichana anasoma na samaki hawaungui." Nikamwambia, "Basi huyo kamchukue. Mimi bila kusoma wananiungulia." Tukacheka. Ndivyo alivyokuja kwangu.

Watu walisema, sana tu. Dereva wa fuso kuoa binti anayekwenda kusomea ufamasia chuo kikuu! Atamkimbia huyo, akishaiona Dar es Salaam hatarudi kunusa vumbi la ufuta. Thubutu! Alisoma, akamaliza, akafanya mwaka wa mafunzo ya kazi hospitalini, na kila likizo alikuwa hapa jikoni kwangu ananitwangia. Kilichobaki ni mtihani wa leseni. Bila hiyo leseni mtu awe na vyeti vya kujaza kabati, haruhusiwi kusimamia dawa. Akaufanya, akaanguka.

Kilichomwangusha alinieleza mwenyewe. Dawa alizijua kwa majina na kwa kazi zake. Zilimshinda zile athari, yaani mambo ambayo dawa inakufanyia na wewe hukuyaomba. Ni mengi kupita kiasi, na yanafananafanana. Zahanati na redioni wanayaita maudhi. Maudhi madogo madogo. Neno hilo nina ugomvi nalo, nitafika huko.

Akajiandikisha tena. Kituo kimoja cha afya hapa wilayani kilishamwahidi nafasi, ila walimwambia waziwazi: safari hii upasi, ukikosa tunamchukua mwingine. Basi hapo katikati ndipo Mudathiri akafa.

Nalisema kwa ufupi maana leo sitaki kulia. Alikuwa anatokea Kikole na mzigo wa ufuta, mdogo wake Jafari yuko naye kama utingo. Akaanza kutapika damu njiani. Hospitali walimfikisha, asubuhi hakuiona. Mimi niliambiwa tumbo. Tumbo tu, mama, amri ya Mungu. Nikakubali, ningefanyaje? Tukazika.

Mjane kwetu anakaa eda, miezi minne na siku kumi. Anakaa ndani, anavaa nyeupe, hajipambi, hajitii manukato. Hiyo ni sheria na mimi sina ubishi nayo, nimeikaa mwenyewe baba yao alipofariki. Ila watu wa hapa wana tabia ya kumwongezea Mungu. Asijitazame kwenye kioo. Asishike simu. Asicheke. Na Bi Sauda, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, akaja na la kwake jipya: asisome.

Alikuja na wenzake kuhani tena, na arobaini imeshapita. Akaingia chumbani, akamkuta Maftaha kwenye mkeka, kitabu kimefunguliwa mapajani.

"Kurani hiyo, mwanangu?"

"Hapana, mama. Ni kitabu cha dawa."

"Cha dawa! Kinasemaje?"

Maftaha ana ukweli ambao wakati mwingine unaudhi. Akamjibu, "Hapa nilipofika kinasema kuhara, mama."

Lo! Bi Sauda alitoka mle chumbani kama kamwagiwa uji wa moto. Kufika uani akashika kiuno. "Mama Mudathiri! Udongo wa mwanao haujakauka, mkewe anasoma mambo ya kuhara! Mjane gani huyu? Mjane analia, hasomi."

"Analia na kusoma," nikamwambia. "Ana macho mawili."

"Mimi nimesema kwa uzuri."

"Na mimi nimekusikia kwa uzuri. Kapumzike, shoga."

Tangu siku ile nikajitwika ualimu. Kazi za nyumbani zikiisha naingia chumbani kwake, navaa miwani yangu, nashika kitabu, nauliza. Kiswahili nasoma vizuri tu, lakini hayo majina ya dawa yana mikia mirefu, ulimi unakwama katikati. Mara ya kwanza nilipotamka moja Maftaha akajifunika shuka usoni. Nikadhani analia. Kumbe anacheka, mabega yanamruka. Sikumkataza. Nilikuwa nimekaa wiki ngapi sijasikia mtu akicheka ndani ya nyumba ile?

Njia yake ya kukariri ilikuwa kuzipachika zile athari kwa watu wa mtaani. Kila moja na mwenyewe.

"Kaptoprili," nasoma.

"Ya presha. Inaleta kikohozi kikavu kisichoisha. Bi Kudra."

Kweli bwana! Bi Kudra wa nyumba ya tatu amekohoa mpaka watu wakaanza kumhamishia kikombe chake pembeni. Kanyweshwa tangawizi, kanyweshwa asali, kaletewa na mganga, kumbe ni kidonge chake cha presha. Maftaha akanituma nikamwambie asikiache ghafla, ila arudi kliniki awaeleze wambadilishie. Alibadilishiwa. Akaacha kukohoa, na wala hakuja kusema asante, maana ushauri umetoka kwenye eda.

"Metroni... metroni-nini hii?"

"Metronidazoli. Mdomo unakuwa na ladha ya chuma. Jafari, alipougua amiba, akakataa wali wako akasema umepikia misumari."

"Amlodipini."

"Miguu kuvimba." Akatupa jicho dirishani upande wa Bi Sauda, halafu akanyamaza kwa adabu. Mimi sikunyamaza. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, Mungu anisamehe.

Lakini ilikuwepo sura moja anairuka. Dawa za maumivu. Nikiifikia ananichukua kitabu mkononi taratibu, anafunua mbele, ananirudishia. Nikadhani anaijua vizuri, haina haja.

Tarehe ya mtihani ikatangazwa, ikaangukia katikati ya eda. Afadhali watahiniwa wa huku kusini walipangiwa Lindi mjini, maandishi asubuhi, mahojiano mchana, siku hiyohiyo mtu anarudi. Lakini kutoka ni kutoka. Jafari alipopata habari akaja juu. Ameacha utingo siku hizi, anaendesha bajaji, hataki kulisikia fuso.

"Mama, haiwezekani. Shemeji atoke na nguo zake nyeupe, apande basi, akahojiwe na wanaume? Watu watasema nini?"

"Watasema. Kwani waliwahi kunyamaza?"

"Kaka angekuwa hai..."

"Kaka yako angekuwa hai pasingekuwa na eda. Usinichoshe."

Mdomoni nilikuwa mkali hivyo, moyoni nina wasiwasi. Kumtetea mtu anayesoma chumbani ni jambo moja. Kumtoa mjane wa mwanangu mlangoni, mchana kweupe, mbele ya stendi nzima, ni jambo jingine. Nikajifunga buibui nikaenda kwa Maalim Bashiru wa madrasa.

"Maalim, nipe kwa kifupi. Mjane anaruhusiwa kutoka?"

"Mchana, kwa haja inayomlazimu. Jua likizama awe kwake."

"Na mtihani ni haja inayomlazimu?"

Akajikuna ndevu. "Hapo, Bi Batuli, wanaoijua haja ni wenye nyumba. Wewe mama wa marehemu unaonaje?"

Basi nikarudi nyumbani na swali lilelile nililokwenda nalo. Sikumlaumu. Angalau yeye hakuongeza la kwake. Lakini siku zikawa zinakwenda na mimi sijasema ndiyo wala hapana, na Maftaha haniulizi. Anasoma tu, kama mtu ambaye ruhusa anayo. Nilimwona usiku mmoja amekunja nguo zake nyeupe vizuri, ameziweka chini ya mto zinyooke. Huyo binti angekwenda hata ningekataa, nawaambieni. Angeniamkia shikamoo, akapita mlangoni.

Alasiri moja tumekaa, tukaifikia ile sura. Akanyoosha mkono achukue kitabu. Nikakishikilia.

"Mbona hii unairuka kila siku? Ikitoka hii je?"

"Nitaisoma, mama."

"Lini? Isome sasa. Nisomee mimi kwa Kiswahili, nisikie."

Akanitazama. Nikadhani atakataa. Akakichukua, akaanza, sauti yake imenyooka kama ya mtu anayesoma matangazo ya vifo redioni. "Diklofenaki na za jamii yake. Hutuliza maumivu ya mgongo na viungo. Zikitumiwa kwa muda mrefu, au tumbo likiwa tupu, huchubua tumbo kwa ndani. Huleta vidonda. Vidonda hutoa damu. Mgonjwa anaweza kupata choo cheusi kama lami. Anaweza kutapika damu."

"Rudia."

Akarudia, neno kwa neno.

"Mudathiri alikuwa anatumia dawa za mgongo?"

Aliyejibu ni Jafari. Alikuwa amesimama mlangoni, kaleta unga, wala hatukumsikia akiingia.

"Alikuwa anazitafuna kama karanga, mama. Alfajiri, kabla ya kuwasha gari, hajatia kitu tumboni. Alianza shemeji akiwa hospitali ya mafunzo, na aliporudi akaendelea kumficha. Kaka alinikataza nisimwambie, atagombezwa."

"Na choo?"

Jafari akaketi palepale kizingitini na unga wake. "Aliniambia kimekuwa cheusi. Nikamwambia ni ngisi. Tulikuwa tumekula hapa kwako, mama, ngisi wa wino. Tukacheka, tukaondoka."

Ngisi! Nyie mnaokaa pwani mnajua. Ukimla ngisi aliyepikwa na wino wake, kesho yake chooni mambo ni meusi na wala hushtuki. Mtu wa bara angekimbia hospitali anapiga kelele. Sisi tunajua ni ngisi, tunacheka, maisha yanaendelea. Mwanangu alikuwa anavuja damu ndani kwa ndani na anajua ni kitoweo.

"Nani mwingine alikuwa anajua haya?"

"Daktari alitueleza sote wawili," Maftaha akasema. "Tukakubaliana tusikwambie, mama. Tulisema utajilaumu."

Wakakubaliana! Mimi niliyebeba mimba yake nimeambiwa tumbo, nimeitikia tumbo, nimewaambia wahani wote tumbo. Na nijilaumu kwa lipi? Nilipika chakula kizuri, wakala wakashiba. Nilisimama, nikamwendea Jafari, mkono umeshapanda. Kumtazama, mtu mzima na ndevu zake, unga umemwagikia magotini. Mkono ukashuka wenyewe. "Si wewe," nikamwambia. "Sikia, Jafari. Si wewe. Hebu niambie, aliyemwuzia alimwambia nini?"

"Kaka alimwuliza kama zina shida. Akamwambia hazina shida, zina maudhi madogo madogo tu."

Hapo ndipo damu ilinipanda. Maudhi? Mimi maudhi nayajua. Maudhi ni kuku wa Bi Sauda kuparura mchicha wangu. Maudhi ni mtu kuchoma taka upepo unakuja kwako. Ukipata maudhi unasonya, unaendelea na shughuli zako, na mwanangu alifanya hivyohivyo, akasonya, akawasha gari! Nani huyo aliyekaa kwenye kiti chake akakiona kitu kinachomtoboa mtu tumbo, akakiita maudhi?

"Neno lenyewe halina nia mbaya, mama," Maftaha akasema taratibu. "Linatumika ili watu wasiogope dawa wakaziacha. Na mengi ni madogo kweli."

"Na hili?"

"Hili si dogo."

"Basi utakwenda Lindi."

"Mama, watu..."

"Maalim aliniuliza haja, sikuwa na jibu. Sasa ninalo. Unakwenda Lindi, utapata hiyo leseni, utasimama nyuma ya meza ya dawa, na mtu akija na mgongo wake utamwambia habari za choo cheusi mpaka aone haya. Aliyekufa ni wangu. Nani mwingine ana neno?"

Jafari akajipangusa uso kwa mkono wa shati. "Nitawapeleka stendi," akasema.

Siku ya safari tukatoka baada ya sala ya alfajiri, Maftaha ndani ya nyeupe zake, uso umefunikwa, mimi pembeni. Bi Sauda alikuwa anafagia barabara. Bi Sauda! Mwanamke ambaye uwanja wake mwenyewe anaachia kuku wamfagilie.

"Mama Mudathiri, mnampeleka wapi mjane?"

"Lindi."

"Yarabi! Eda imeharibika hiyo! Itabidi aanze moja!"

"Hesabu ya eda tunayo Mungu na sisi wenye msiba. Wewe kahesabu kuku zako."

Jafari akatia moto bajaji, vumbi lote likamwendea yeye. Halikuwa kusudi, ila sikusikitika.

Ndani ya basi kondakta akauliza kwa upole, "Mama zangu, mnakwenda msibani?" Nikamwambia, "Tunatoka msibani, tunakwenda kazini." Akatuachia viti vya mbele. Maftaha njia nzima anatembeza midomo chini ya ushungi, kikohozi kikavu, miguu kuvimba, ladha ya chuma, na mimi nimemshika mkono.

Pale Lindi wenzake walikuja na suti zao na viatu vya kugonga. Wakamwangalia. Kijana mmoja akamnong'oneza mwenzake, nikamkazia jicho akajifanya anatafuta kalamu. Maftaha akaingia. Mimi nikakaa benchi la nje, kikapu mapajani, na nawaambia ukweli, niliogopa. Si watu tena. Niliogopa aanguke, tuwe tumetoka bure, nimrudishe kwenye ile nyumba hana mume wala leseni, na kina Sauda wanangoja barabarani na mafagio. Niliomba dua zote ninazozijua, nikaanza na za safari.

Alitoka jua limeshapinda. Sikumwuliza mpaka tulipokaa kwenye basi.

"Haya. Zile za maumivu?"

"Hawakuuliza hata moja, mama."

"Ala! Hata moja? Sasa wanapima nini watu hao?"

Akacheka kidogo, halafu akaanza kuvutavuta pindo la ushungi, nikajua lipo jambo. Kumbe maandishi yalikwenda vizuri. Kwenye mahojiano mtahini, mtu wa makamo mwenye sauti nzuri, alijifanya mgonjwa wa kisukari anayeanzishiwa glibenklamidi. Akamwambia, nieleze maudhi ya dawa hii. Maftaha akaanza, "Baba, dawa hii ina madhara. Madogo nitakutajia, na lipo moja kubwa. Ukitoka jasho jembamba, ukitetemeka, ukaona kizunguzungu, sukari imeshuka mno. Lamba sukari au kunywa soda papo hapo. Usiimeze bila kula, na Ramadhani ikikaribia usifunge kabla hujaonana na daktari wako."

Mtahini akamkatiza. "Umejua. Lakini sema maudhi, usiseme madhara. Utamtisha mgonjwa, ataacha dawa."

"Ukasema maudhi?" nikamwuliza.

"Nilitaka, mama. Neno likakataa kutoka. Nikamwambia, samahani mwalimu, maudhi ni neno la kubembeleza. Mgonjwa wangu nitamtajia kinachoweza kumwua, na nitakaa naye mpaka ajue la kufanya. Akiogopa atarudi kuniuliza."

"Akasemaje?"

"Akaandika kitu. Akaniuliza mbona nimevaa hivi. Nikamwambia niko edani. Akasema haya, unaweza kwenda."

Mtume! Binti wa watu kambishia mtahini, kwenye mtihani ambao akiukosa nafasi inakwenda. "Ulimjibu kwa adabu?"

"Kwa adabu zote."

Nikamvuta kichwa akakilaza begani kwangu. Sikujua nimgombeze au nimbusu. Jua lilikuwa linashuka na mimi naliangalia dirishani kuliko dereva alivyokuwa anaangalia barabara. Tulipofika stendi bajaji ya Jafari inanguruma, na adhana ya magharibi ilitukuta ndani, mlango umefungwa.

Mtaa ukatuadhibu. Wahani wakapungua, kisha wakakoma. Lile jina la Mjane wa Vitabu ndipo lilipozaliwa. Maulidi yakaja, wasinialike kupika, mimi ambaye nisiposimama kwenye sufuria pilau lao linakuwa bokoboko. Na bokoboko walikula, nilisikia. Maftaha akaendelea na eda yake palepale alipoishia, kimya, sala na kitabu. Siku moja nikamkuta kakifunga, anautazama ukuta.

"Mama, kama nimeharibu nisamehe. Ningesema tu maudhi. Lilikuwa neno moja."

"Ungelisema ningekutimua hapa."

"Usingenitimua, mama."

"Nisingekutimua. Lakini ningesonya mpaka uhame mwenyewe."

Alitabasamu, ila macho hayakutabasamu. Kituo cha afya walikuwa wameshapiga simu kuuliza.

Matokeo yalitoka asubuhi moja niko uani nachambua mchele. Bi Sauda yuko pale na wanawake wawili, eti wamefuata kuku aliyerukia kwangu, na huyo kuku wanamtafuta kwa macho ndani ya madirisha yangu. Nikasikia Maftaha ananiita. Mara moja tu, "Mama." Nikainuka mchele ukamwagika.

Alikuwa amesimama katikati ya chumba, simu mkononi. Akanipa. Miwani sikuwa nayo, nikaona weupe mtupu. "Sioni, mwanangu. Sema wewe."

"Nimefaulu, mama. Ni mfamasia."

Sasa sikilizeni. Nyumba yenye eda haipigwi kigelegele. Hilo halikuongezwa na Sauda, nimezaliwa nikalikuta na nimelishika maisha yangu yote. Mtoto akizaliwa kwenye nyumba ya namna hiyo tunampokea kimyakimya. Nalijua hilo kuliko wote waliokuwa uani. Nikatoka, nikasimama katikati yao, nikatupa ulimi, nikapiga kigelegele ambacho nadhani walikisikia mpaka sokoni.

Wanawake wale wakaganda. Bi Sauda akashika kichwa. "Batuli! Una wazimu? Nyumba ya msiba! Mwanao kafa!"

"Kafa," nikamwambia. "Kafa kwa kukosa mtu wa kumwambia. Mtu huyo sasa yupo. Yumo humo ndani, kavaa nyeupe."

Nyuma yangu nikamsikia Maftaha analia kwa sauti, kile kilio ambacho siku ya maziko hakukitoa. Nikamwacha alie. Nikavuta pumzi, nikapiga cha pili.